Askari Aliyeachwa Katikati ya Daraja

Haya nimeyapata kwa mke wa mwanangu, yule auzaye chai kwenye kibaraza cha fundi cherehani, ambaye watu wote wa pale humwita Mama Birika. Alinisimulia jana baada ya kuosha vikombe, nami nimeyaandika leo asubuhi kabla hayajachanganyika na mengine. Alichosema ndicho nilichoandika. Pale alipocheka nimeruka, maana kicheko chake hakiandikiki.

Jambo lenyewe lilianza na redio. Redio ya fundi hukaa dirishani, imefungwa kwa utepe wa kupimia, na mchana wa jana ilirudia lile tangazo lake la wiki nzima: kituo cha televisheni kitaonyesha upya vipindi vya zamani, kikiwemo kile cha vita ambacho mtaa mzima ulikiita Kikosi. Jina lake la kweli liliandikwa kwa lugha ya kigeni, na katika waliokuwa wakikitazama hakuna aliyejisumbua kulisoma.

Wa kwanza kuruka alikuwa kinyozi. Huyu anaitwa Upara, kwa sababu kichwa chake hakina hata unywele mmoja, na bado watu wanampa vyao avitengeneze.

"Mmesikia? Kikosi kinarudi! Sasa watoto wetu watajua vita ni nini. Siyo hizi zao za kubonyeza kwa vidole gumba."

"Vita ya nini tena," akasema Cheche, mchomeleaji wa vyuma, miwani yake myeusi ikiwa juu ya paji la uso. "Wewe hata mkeo akikohoa unajificha."

"Najificha kwa mpango. Hiyo ni mbinu ya kijeshi. Niliisoma mule mule kwenye Kikosi."

Fundi mwenyewe, wanayemwita Mkasi, aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Macho yalikuwa mekundu, utadhani ameshinda akimenya vitunguu.

"Jamani, nawaombeni. Msinitajie hicho Kikosi. Wiki nzima sijalala kwa ajili yake."

"Tunakuona," Cheche akajibu, akaokota suruali ya sare ya shule iliyokuwa juu ya meza. "Zipu umeitia nyuma."

Upara akaipokea, akaigeuza huku na huku. "Siyo kosa. Mwalimu mkuu atashukuru sana. Wanafunzi wakitoroka kinyumenyume, ataona wanakuja."

Wakacheka. Mkasi hakucheka. Hapo Mama Birika akaacha kumimina chai, akamsogelea.

"Shemeji, kuna nini?"

"Ni baba," akasema Mkasi.

Baba yake wanamjua wote. Ni Mzee Dereva, aliyeendesha lori la mizigo mpaka magoti yakakataa, na sasa analala katika chumba cha nyuma ya duka. Ametoka hospitali juzi juzi. Kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, lakini ulimi bado mkali.

"Tangu asikie lile tangazo, hafumbi jicho," Mkasi akaeleza. "Taa ikizimwa tu, ananiita. 'Kijana, alivuka?' Namuuliza nani. 'Yule askari mwenye redio mgongoni. Pale darajani.' Nikimwambia alivuka, ananiuliza alivukaje. Nikimwambia hakuvuka, anavaa viatu."

"Anakwenda wapi?"

"Anasema anamfuata."

Upara akataka kucheka, akajizuia, akakohoa badala yake.

"Leo asubuhi nesi amekuja kumpima presha," Mkasi akaendelea. "Akatikisa kichwa. Amesema asipolala leo, kesho tunamrudisha wodini. Na baba amenishika mkono, akaniambia, 'Ukinirudisha kule, njoo na sanduku kabisa, usije ukasafiri mara mbili.'"

Cheche akavua miwani kichwani.

"Sasa nyinyi ni wakubwa zangu, mlikuwa mkijaa kwetu kutazama," Mkasi akasema. "Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nalala katikati ya kipindi. Niambieni kitu kimoja tu. Ile sehemu ya daraja iliishaje?"

"Kitu chepesi hicho!" Upara akavuta kigoda. "Alivuka. Sajini alimwambia kwa sauti nzito, 'Kijana, hiyo redio ndiyo roho zetu, ukiilowesha tumekwisha.' Yule askari akajibu, 'Afande, nikilowa mimi je?' Sajini akasema, 'Wewe utakauka.' Nakumbuka neno kwa neno!"

"Hakuna daraja," Cheche akasema.

"Nini?"

"Nasema hakuna daraja. Ulikuwa mto. Askari wanafika, wanatazama kushoto, wanaogopa. Nawakumbuka kabisa, mmoja alikuwa na kovu."

"Wanaogopa nini kama hakuna daraja?"

"Mimi nitajuaje? Wanaogopa tu. Vita ile."

"Wewe Cheche, moshi wa kuchomelea umekupanda kichwani. Daraja la mbao lile, limeoza katikati, adui yuko ng'ambo na mzinga. Sehemu nzima ilihusu daraja! Utasemaje halipo?"

"Kutajwa lilitajwa, lakini kwa macho yangu haya mawili sijaona daraja. Sijaona siku ile, sijaona siku nyingine yoyote. Katika Kikosi chote mimi sijawahi kuona daraja, wala nyumba, wala adui."

Mama Birika alikuja mtaani hapa kwa kuolewa, hakuwahi kukitazama hicho kipindi, kwa hiyo hakuwa na upande. Akauliza taratibu tu, "Shemeji Cheche, ulikuwa unakaa wapi?"

"Dirishani. Nafasi yangu ilikuwa dirishani siku zote, nilipigania."

"Dirisha lipi?"

"Lile la upande wa kabati."

Mkasi akapiga paji la uso. "Kabati la mama! Lilikuwa limeziba nusu ya televisheni. Bwana wee, wewe ulikuwa unaona upande wa kulia peke yake!"

"Ndiyo maana walikuwa wanatazama kushoto," akasema Cheche polepole, kama mtu anayesomewa wosia. "Miaka yote hii. Nilidhani ile ni filamu ya watu wenye shingo mbovu."

Upara akaangua kicheko mpaka akajimwagia chai. "Nusu televisheni! Mtu ametazama vita nzima na hajaona adui! Basi ushahidi wako umekufa, ndugu yangu. Ubaki wangu."

"Wewe ulikuwa unakaa wapi?" akauliza Mama Birika.

"Nani? Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

Upara akafuta chai kwenye suruali. Akaifuta sana.

"Mimi nilikuwa na kazi maalumu," akasema. "Nilikuwa nashika antena."

"Antena ilikuwa wapi?"

"Nje. Nyuma ya nyumba. Mti wake ulikuwa hausimami wenyewe. Nikiuachia, picha inaondoka, watu wananitukana. Kwa hiyo nilikuwa naushika kuanzia mwanzo hadi mwisho."

"Kwa hiyo hujaona kitu."

"Nimesikia! Kusikia ni kuona kwa mtu mwenye akili."

Sasa zamu ya kucheka ikawa ya Cheche. Alicheka amelala juu ya benchi, miguu juu. "Huyu ndiye anatubishia! Mtu aliyeshinda amekumbatia mti gizani! Upara, wewe hata ungeonyeshwa Sajini ungemwamkia kama mteja!"

"Ningemjua kwa sauti," Upara akasema kwa hasira. "Na nitawathibitishia sasa hivi. Dunia imeendelea. Vipindi vyote vya zamani vimo humu." Akatoa simu.

Walihangaika nayo muda, wanabishana ataandika nini, maana jina la kweli la Kikosi hawakulijua. Mwisho Cheche akamtambua mtu katika picha ndogo ndogo zilizojipanga kwenye kioo. "Huyo! Huyo mwenye kovu! Yule wa upande wa kulia!" Wakaifungua. Wote wakainama juu ya simu, vichwa vinagongana. Ndivyo alivyoniambia Mama Birika, kwamba kwa mbali ungedhani wanamkagua mtu jino.

Likatokea daraja. Mkasi akashangilia, Cheche akalitazama kimya kimya, kama jamaa yake aliyepotea siku nyingi. Akatokea Sajini, mfupi, ana masharubu. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti nyembamba kama ya kifaranga, kwa lugha ya kigeni.

"Siyo!" Upara akapiga kelele. "Hii ya kughushi! Sajini hakuwa hivi! Sajini alikuwa na sauti ya mtu aliyemeza pipa!"

"Kaa chini, askari anakuja."

Kweli akaja, yule yule, kasanduku mgongoni. Akafika darajani. Akavuka. Hakutazama huku wala kule, alivuka kama mtu anayekwenda chooni. Akafika ng'ambo, akashusha sanduku, akafungua mfuniko.

"Mbona inafuka?" akauliza Mkasi.

"Redio gani inatoa mvuke?" akauliza Cheche.

Askari akatoa upawa. Wenzake wakapanga foleni na mabakuli, akaanza kuwagawia supu.

Simu ikaendelea peke yake, askari wanakunywa, Sajini anapuliza bakuli lake.

"Alikuwa mpishi," akasema Mkasi.

"Haiwezekani," akasema Upara, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Na yale maneno? 'Hiyo redio ndiyo roho zetu.' Nimeishi na yale maneno. Mwanangu alipokwenda kufanya mtihani nilimwambia maneno yale."

"Hapa wanaongea lugha ya kigeni," Mama Birika akasema. "Nyinyi mlikuwa mnaelewaje?"

"Mzee alikuwa anatutafsiria," akajibu Cheche. "Dereva wa masafa yule, amefika mipaka yote, anajua lugha za watu. Anakaa karibu na televisheni, wao wanasema, yeye anatupa kwa lugha yetu."

"Kutafsiri?" Upara akashangaa. "Mimi nilijua ile ni sauti ya televisheni yenyewe!"

"Televisheni gani? Ile spika yake ilikufa mwezi uleule alioinunua. Haikuwa na sauti hata ya mbu."

Mama Birika akaweka birika chini.

"Ngoja kwanza, shemeji. Kama ilikuwa haisemi, mzee alikuwa anatafsiri nini?"

Mkasi alitazama mlango wa chumba cha nyuma. Mtaa mzima, watoto kwa wakubwa, walikaa miaka mbele ya kile chombo bubu, wanamsifu mzee kwa kujua lugha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza swali hilo. Walikuwa na raha, na mwenye raha haulizi.

"Alikuwa anatunga," Mkasi akasema mwisho.

"Supu akaifanya redio," akasema Cheche.

"Na Sajini alikuwa ni yeye," akasema Upara. Akavuta pumzi. "Ndiyo maana nilikuwa nikimsikia mzee akimgombeza turniboi wake, yule msaidizi wa lori, naona kama niko vitani."

"Basi tumekwisha," Mkasi akashika kichwa. "Ile sehemu haipo. Haipo kwenye simu, haipo kwenye kituo, haipo popote. Nitamwambia nini?"

"Mwambie kitu," Cheche akasema. "Tunatunga, kama alivyotunga. Sisi watu wazima watatu tunashindwa kumvusha askari mmoja?"

Wakaanza kumvusha. Cheche alitaka achomelee daraja. Upara alitaka adui atishwe kwa hotuba, na hotuba akaitoa yote, amesimama juu ya benchi. Mkasi aliomba iwe fupi tu, aweze kuikumbuka. Mwisho wakapatana: askari alipita chini kwa kamba, usiku, bila kulowa, redio ikafika kavu. Wakaigiza mara mbili tatu, kila mtu na kipande chake, kama wanaokwenda kutoa ushahidi mahakamani. Jua lilikuwa bado halijazama walipoingia chumba cha nyuma. Mama Birika akawafuata na kikombe cha chai ya mzee.

Mzee Dereva alikuwa ameketi kitandani, amevaa viatu.

"Shikamoo, mzee," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mbona mmeingia kama wakaguzi? Nimezidisha mzigo?"

"Baba," akasema Mkasi, "tumekuja kukwambia. Yule askari alivuka. Alipita chini ya daraja, kwa kamba."

"Bila kulowa," akaongeza Cheche.

"Redio kavu kabisa, mzee, kama unga," akamalizia Upara.

Mzee akawatazama mmoja mmoja. Akamaliza, akaanza tena.

"Nani kawaambia?"

Cheche akamtazama Upara, Upara akamtazama Mkasi.

"Nauliza, nani kawaambia? Maana mimi sijawaambia." Akapiga godoro kwa kiganja. "Kwa kamba! Mtu ana redio mgongoni, mtoni kuna mamba, apite kwa kamba? Nani huyo mjinga anayewaharibia hadithi?"

"Lakini mzee, wewe mwenyewe ndiye unayeuliza kila siku kama alivuka," Upara akajitetea.

"Nauliza kama nilimvusha! Nilimvusha, au nilimwacha pale? Hilo ndilo linaninyima usingizi. Ile televisheni ilikuwa inakula betri ya lori. Siku ile betri ilikufa askari akiwa katikati ya daraja. Nikawaambia watoto, nendeni, nitawamalizia kesho. Alfajiri nikapata mzigo wa mbali. Nilipoingia lami nikamkumbuka. Niliporudi, televisheni imeungua, watoto wana mambo mengine. Sasa sikumbuki kama niliwamalizia." Akawatazama tena, safari hii bila ukali. "Niliwamalizia?"

Mkasi akaangalia wenzake. Upara akatikisa kichwa.

"Hapana, mzee," akasema Upara. "Hukutumalizia."

"Nilijua! Mtu wa watu yuko juu ya mbao zilizooza mpaka leo, mnaniambia nilale!" Akavua kiatu kimoja, akakitupa chini. "Haya, kaeni. Wewe kichwa kitupu, wewe si ndiye wa antena? Unakwenda wapi?"

Upara alikuwa ameshaufikia mlango, miguu imempeleka yenyewe.

"Kaa ndani leo," mzee akasema. "Picha haitaondoka."

Wakakaa chini sakafuni, migongo ukutani, watu wazima na ndevu zao. Mkasi akaegemea ukingo wa kitanda. Mama Birika akachomoa pini zote kwenye kola ya Mkasi, maana aliona mambo yalikokuwa yanaelekea.

Mzee akaanza, na sauti iliyotoka, ameniambia, haikuwa ya mgonjwa.

"Askari yuko katikati. Mbao zinalia. Nyuma Sajini anamwambia kimbia. Adui mbele naye anangoja akimbie. Lakini yule kijana amewahi kuwa turniboi, anajua daraja bovu. Daraja bovu hulikimbilii. Unatia gia ya kwanza, mguu unakuwa mwepesi, breki husogelei. Ukishtuka, mzigo unahamia mbele, umekwisha. Kwa hiyo anafanyaje? Anatembea gia ya kwanza. Anaweka kisigino, anasikiliza ubao. Ubao unasema kaa, anakaa. Ubao unasema njoo, anakuja..."

Mkasi aliondoka kwenye ubao wa tatu. Kichwa kikaanguka juu ya shuka, mdomo wazi, pumzi ndefu kama za mtu aliyetoka kilimani. Mzee hakuacha kusimulia.

"...Adui anashika mzinga, anamlenga, anangoja. Anangoja. Askari hafiki. Adui anachoka kulenga, mkono unamuuma. Anamwita mwenzake, njoo ulenge wewe. Naye anachoka. Wakaanza kuulizana, kwani huyu mtu ana haraka na nini..."

Cheche alicheka hapo, kicheko kikageuka mkoromo katikati, miwani ikateleza mpaka puani. Upara akabaki, macho makubwa kama ya mtoto, anajitutumua. "Halafu, mzee?" akawa anauliza. "Halafu?" Kila "halafu" ikawa fupi kuliko iliyotangulia. Ya mwisho haikufika hata mwisho wake.

Mzee aliendelea kwa sauti ya chini, ubao kwa ubao, bila kuruka hata mmoja, mpaka wa mwisho. Askari akakanyaga udongo. Alipowafikia wale wa mzinga aliwakuta wamelala wote, silaha miguuni. Akapita katikati yao polepole asiwaamshe, akaenda zake. Redio alikuwa nayo, na nzima.

Akanyamaza. Akatazama sakafuni, wanaume watatu wamelaliana kama magunia.

"Wamelala?" akauliza.

"Wamelala, mzee," akajibu Mama Birika.

"Unawaona? Ndio kawaida yao. Wanalala kabla ya mwisho, halafu kesho wananisumbua alivuka au hakuvuka." Akavua kiatu cha pili, akajinyoosha, akavuta shuka kidogo kidogo ili asimwamshe mwanawe aliyekuwa amelilalia. "Wakikuuliza, binti yangu, waambie wewe. Mimi nimechoka."

Akageukia ukutani. Mama Birika alisimama na kile kikombe mkononi, akahesabu pumzi zake mpaka zikawa sawa na za wengine. Chai akainywa mwenyewe, akafunga mlango.